Maji yalipong'aa, wolai wakapungua

Mjomba wangu ni mvuvi wa siku nyingi pale Mwanza. Kila nikimpigia simu kutoka Minnesota huniuliza habari za maziwa ya huku kabla hajafika kwenye habari za watoto. Mwaka mmoja nilimweleza kwamba ziwa la Mille Lacs, lililo kama saa moja na nusu kwa gari kaskazini mwa mji wetu, limewekewa zuio: unaweza kuvua samaki aina ya wolai, lakini kila unayempata sharti umrudishe majini. Akauliza kama maji yamechafuka. Nikamjibu hapana, mjomba, yamekuwa maangavu kuliko zamani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Hebu nieleze vizuri, mpwa wangu. Maji safi yanaondoaje samaki?"

Siku ile nilimjibu kwa mkato, na jibu halikumtosha. Kwa kweli halikunitosha hata mimi. Nimekaa na swali lake miaka kadhaa sasa, na kadiri ninavyosoma na kuwasikiliza wanaovua huku, ndivyo ninavyoona kuwa aliuliza swali lenyewe hasa.

Nianze na samaki mwenyewe. Kiswahili hakina jina lake kwa kuwa kwetu hayupo, kwa hiyo tumwite wolai, jinsi jina lake la huku linavyotamkwa. Waojibwe, ambao wameishi kando ya maziwa haya karne nyingi, humwita ogaa. Asili yake ni mito na maziwa ya Kanada na kaskazini mwa Marekani. Ni mwindaji mwenye mwili mrefu, mgongo wa rangi ya zeituni, mbavu za dhahabu, na doa jeupe kwenye ncha ya chini ya mkia. Nyama yake ni nyeupe, laini, haina shombo kali. Minnesota ilimtangaza kuwa samaki rasmi wa jimbo mwaka 1965, na watu wanampenda kama Mwanza wanavyompenda sato.

Siri yake iko machoni. Nyuma ya jicho kuna tabaka linalorudisha mwanga, kama lile la paka, ndiyo maana ukimmulika tochi usiku macho yake huwaka kama vipande vya kioo. Mara ya kwanza nilipomwona akipandishwa kwenye tundu la barafu, jioni kiza kikiingia, nilianza kuyaona macho kabla ya samaki: taa mbili za fedha zikija juu kutoka kwenye maji meusi. Mwanga hafifu unaopita mara moja tu kwenye jicho la samaki mwingine, kwake hupita mara mbili, unapoingia na unaporudi. Kwa hiyo jua likizama, au upepo ukikoroga maji, au mawingu yakitanda, wolai anaona na windo lake halioni. Huo ndio wakati wake wa kula. Mchana wa jua kali kwenye maji maangavu, faida ile hugeuka kuwa adha. Mwanga humzidi, naye hushuka kutafuta kiza. Habari hii ya jicho naomba uiweke karibu, maana ndiyo itakayotupeleka hadi Mille Lacs.

Barafu ikiyeyuka mwishoni mwa baridi, maji yakiwa bado kwenye nyuzi 5 hadi 10 hivi za Selsiasi, wolai hupanda mitoni au husogea kwenye mawe na changarawe za ufukweni kutaga. Hawajengi kiota wala hawalindi mayai. Jike hutaga usiku, madume wakiwa wamemzunguka, mayai huzama katikati ya mawe, na wazazi huondoka zao. Jike mkubwa hutaga mayai laki kadhaa kwa msimu mmoja, na anaweza kuishi zaidi ya miaka 20. Sasa piga hesabu. Ili idadi ya wolai ziwani isipungue wala isiongezeke, jike huyo anahitaji wawili tu kati ya watoto wa maisha yake yote wafike umri wa kuzaa, mmoja wa kushika nafasi yake na mmoja nafasi ya dume. Wawili, kutoka mayai milioni na zaidi. Wengine wote wanaliwa, wanakufa njaa, wanagandishwa na baridi, au hawaanguliwi kabisa. Ndiyo maana wingi wa mayai haukuambii chochote. Jambo dogo tu likibadilika katika mwaka wa kwanza au wa pili wa maisha, kitu ambacho wewe juu ya mtumbwi huwezi kukiona, ziwa zima linabadilika miaka mitano baadaye.

Wataalamu wa uvuvi hupanga samaki kwa mwaka waliozaliwa, na hapa Kiswahili kina neno tayari: rika. Rika la 2003, rika la 2013, na kadhalika. Umri wa samaki husomwa kwenye kijiwe kidogo kilicho ndani ya kichwa, karibu na ubongo, kinachomsaidia kusikia na kujua juu ni wapi na chini ni wapi. Kwa wolai mzima kijiwe hicho hakizidi punje ya mchele kwa mbali. Hutolewa kwa kibano, huvunjwa katikati, na kipande huwekwa chini ya hadubini. Mistari inaonekana humo kama kwenye gogo la mti lililokatwa: kiangazi samaki hukua haraka na kuacha ukanda mpana, baridi hudumaa na kuacha mstari mwembamba. Unahesabu mistari, unapata rika. Ukifanya hivyo kwa mamia ya samaki unapata sura ya ziwa: rika gani limejaa, lipi ni haba, na lipi halionekani kabisa.

Ziwa Erie, linalogawanywa na mpaka wa Marekani na Kanada, linaonyesha jambo hili vizuri kuliko ziwa lolote ninalolijua. Mwaka 2003 wolai wa Erie walifanikiwa kukuza watoto kwa wingi wa ajabu. Miaka mingi iliyofuata haikuwa na kitu cha kulinganishwa nao, na kwa zaidi ya muongo mmoja wavuvi wakawa wanaendelea kuvuna watoto wa ule mwaka mmoja, wakubwa zaidi kila msimu na wachache zaidi kila msimu. Kisha likaja rika la 2015, na la 2018 likavunja hesabu, na leo Erie inasemwa kuwa na uvuvi wa wolai ulio bora duniani. Mvuvi aliyekuwa majini katikati ya ule ukame, akivuta samaki wakubwa wakubwa, angeapa kuwa ziwa liko salama. Samaki wakubwa walikuwepo, ila waliotakiwa kuwarithi hawakuwepo. Kwangu hili ndilo funzo gumu kuliko yote katika uvuvi, kwa sababu linapingana na kile mkono unachokigusa.

Erie imepita mengi. Mwaka 1970 uvuvi wa wolai upande wake wa magharibi ulifungwa baada ya zebaki ya viwandani kupatikana kwenye nyama. Ndugu wa karibu wa wolai, aliyekuwa na rangi ya kibuluu na kuvuliwa kwa tani nyingi kila mwaka, alitoweka moja kwa moja, na mwaka 1983 akatangazwa kuwa ametoweka duniani. Hata sasa mbolea inayosombwa kutoka mashambani kupitia mto Maumee hulisha mwani wenye sumu, na mwezi Agosti 2014 watu wapatao nusu milioni wa mji wa Toledo na jirani zake waliambiwa wasinywe maji ya bomba. Lakini rutuba hiyohiyo, ikiwa na kiasi, na maji yake ya magharibi yasiyo na kina na yenye ukungu, ndivyo vinavyomfaa wolai. Kila mwaka majimbo manne ya Marekani na mkoa wa Ontario hukaa pamoja na kupanga idadi ya wolai watakaovuliwa, wakihesabu samaki kwa vichwa. Kwetu, Kenya, Uganda na Tanzania zimekuwa na chombo cha pamoja cha uvuvi wa Ziwa Victoria tangu mkataba wa 1994, ila usimamizi wetu umeegemea zaidi zana na ukubwa wa samaki: matundu ya nyavu, ndoano, na sangara asivuliwe akiwa chini ya sentimita 50.

Nilipomsimulia mjomba habari za marika, akauliza kile ambacho kila mtu huuliza: kama watoto hawatoshi, si wapandikize vifaranga? Jibu ni kwamba inategemea ziwa limekwama wapi, na ziwa la Red Lake linaonyesha pale ambapo dawa hiyo inafanya kazi.

Red Lake liko kaskazini zaidi, mabeseni mawili mapana yaliyounganishwa na mlango mwembamba wa maji, kilomita za mraba 1,170 hivi kwa jumla. Sehemu kubwa mno ya ziwa ni mali ya Waojibwe wa Red Lake, na kipande cha mashariki cha beseni la juu kiko chini ya jimbo. Uvuvi wa biashara kwa nyavu za makila, zile zinazomnasa samaki kwenye matamvua, ulianza hapo mwaka 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ili kuongeza chakula. Uliendelea kwa miongo mingi, na juu ya samaki wa halali kukawa na wa magendo, na upande wa jimbo wavuvi wa ndoano nao walikuwa wakichukua wao. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 wolai walikuwa wamekwisha. Nasema wamekwisha kwa maana ya mvuvi: nyavu zinarudi na samaki wa kuhesabu kwa vidole.

Walichofanya wenyewe kinastahili kusimuliwa. Mwaka 1997 kabila lilisimamisha uvuvi wake wa biashara, kabla ya kulazimishwa na mtu, na hizi zilikuwa familia ambazo nyavu ndizo zilizosomesha watoto. Mwaka 1999 kabila, jimbo na serikali kuu wakatia saini makubaliano: hakuna wolai atakayevuliwa pande zote mbili mpaka ziwa lipone. Katika majira ya kuchipua ya 1999, 2001 na 2003 wakamwaga vifaranga zaidi ya milioni 100, viumbe vidogo kama vipande vya uzi, vilivyoanguliwa siku chache tu. Kabla ya kumwagwa, vifaranga viliogeshwa kwenye maji yenye oksitetrasaikilini, dawa ileile ambayo wafugaji wetu huwachoma ng'ombe. Dawa hiyo huacha alama kwenye kile kijiwe cha kichwani, na ukikimulika kwa taa maalumu alama hung'aa njano. Kwa njia hiyo waliweza kujua nani alipandikizwa na nani alizaliwa ziwani.

Mwaka 2006, miaka saba baada ya makubaliano, uvuvi ulifunguliwa tena. Na tangu hapo Red Lake halihitaji vifaranga vya kumwagiwa, linajizalia lenyewe. Hapo ndipo ulipo ufunguo. Mazalia yalikuwa mazima, chakula kilikuwepo, maji yalikuwa yaleyale. Kilichokosekana ni wazazi, kwa sababu walivuliwa. Ukiwarudisha wazazi na ukazuia mikono ya watu, ziwa linamaliza kazi lenyewe.

Kwenye ziwa ambalo wazazi wapo na mayai yanaanguliwa vizuri, ila watoto wanakufa baadaye, kumwaga vifaranga ni kuchota maji kwa tenga. Unaongeza wanaoingia pale ambapo tatizo ni wanaovuja. Idara ya maliasili ya Minnesota humwaga wolai wachanga wengi kila mwaka kwenye maziwa yasiyo na mazalia, lakini kwa hesabu yake yenyewe, takriban asilimia 85 ya wolai wanaovuliwa jimboni wanatoka kwenye maji ambamo huzaliana wenyewe. Nikasema, mjomba, Mille Lacs halina shida ya mayai. Hapo ndipo tulipoingia kwenye swali lake.

Mille Lacs ni pana, zaidi ya kilomita za mraba 500, lakini kina chake hakizidi mita 13. Ukisimama ufukweni huoni ng'ambo, ila kwenda chini ni kifupi kuliko mnazi mrefu. Kwa miongo mingi lilikuwa ziwa la wolai lenye jina kuliko yote Minnesota, na nyumba za wageni, maduka ya chambo na boti za kukodi zote ziliishi kwa samaki huyo. Kisha mgawo wa kuvuna ukaanza kuporomoka. Mwaka 2013 kiwango kilichoruhusiwa kwa ziwa zima kilikuwa tani 113 hivi. Mwaka 2014 kikawa tani 27. Mwaka 2015 kikawa tani 18, na ilipofika tarehe 3 Agosti uvuvi wa wolai ukafungwa katikati ya kiangazi, wageni wakiwa tayari wamelipia vyumba. Mwaka 2016 ndipo likaja lile zuio nililomweleza mjomba.

Watu wakatafuta wa kumlaumu, na wengi wakamwona Mwojibwe mwenye wavu. Nieleze hilo kwa haki. Mwaka 1837 Waojibwe walitia saini mkataba wa kuachia ardhi kubwa ya Minnesota na Wisconsin, wakabakiza haki ya kuwinda, kuvua na kukusanya vyakula vyao humo. Jimbo lilipuuza haki hiyo kwa zaidi ya karne. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 5 dhidi ya 4, ilisema haki bado ipo. Makabila manane huvua Mille Lacs, hasa kwa nyavu za makila majira ya kuchipua, wolai wakiwa mazaliani. Mvuvi wa ndoano akiona wavu umewekwa mahali samaki anapotaga, damu inamchemka, na kama mtoto wa Mwanza naelewa kwa nini. Lakini tazama hesabu. Katika zile tani 18 za 2015, sehemu ya makabila ilikuwa kama tani 5, na ya wavuvi wa ndoano kama tani 13. Samaki wa nyavu huhesabiwa na kupimwa pale wanapotua ufukweni, ilhali wa ndoano hukadiriwa kwa kuwahoji baadhi ya wavuvi. Tena samaki anayevuliwa akiwa mazaliani, na samaki anayevuliwa mwezi wa saba kabla ya kutaga mwaka unaofuata, wote wawili hawatatagia ziwa msimu ujao. Mimi sioni hoja inayoweza kubeba lawama ile.

Na kuna jambo zito zaidi. Uchunguzi ulionyesha kuwa mayai yalikuwa yanaanguliwa na watoto wanaonekana kwa wingi wakiwa wadogo. Walikuwa wanatoweka baadaye, kati ya msimu wao wa kwanza na wa tatu, kabla ya kufikia ukubwa wa kuingia kwenye wavu au kuvutia ndoano ya mtu. Rika baada ya rika lilikuwa likianza vizuri na kufifia, mpaka la 2013 lilipofaulu, na kwa miaka kadhaa uvuvi wote ukawa unaegemea hao na kuwalinda.

Wanapotelea wapi? Hapa ndipo mwanga unapoingia. Maji ya Mille Lacs yalianza kuwa maangavu zaidi kuanzia miaka ya 1980 na 1990, na sababu mojawapo inayotajwa ni jambo jema kabisa: mashimo ya vyoo vya nyumba za ufukweni yalitengenezwa upya, uchafu ukapungua kuingia ziwani. Mwaka 2005 akaonekana kome milia, kiumbe wa gamba lenye michirizi kama ya pundamilia, asili yake maeneo ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, aliyefika Amerika kwenye matangi ya maji ya meli. Kome mmoja ana ukubwa wa ukucha, lakini huchuja hadi lita moja ya maji kwa siku, na chini ya ziwa wapo kwa mamilioni, wamebanana juu ya kila jiwe. Vijimea vinavyoelea, ambavyo ndivyo mwanzo wa chakula chote ziwani, vinaishia tumboni mwao. Mwaka 2009 akaja mgeni wa pili, kiroboto-maji mwenye mwiba mrefu, anayekula vile vijidudu vya majini ambavyo samaki wachanga wangekula, naye mwenyewe samaki mchanga hawezi kummeza kwa sababu ya ule mwiba.

Sasa kumbuka lile jicho. Maji yakiangaza, mwanga wa mchana unapenya hadi karibu na chini. Wolai anabanwa kutoka juu. Wakati huohuo viangazi vinazidi joto, na katika ziwa la mita 13 linalokorogwa na upepo, hakuna tabaka nene la maji baridi la kukimbilia. Watafiti wa Minnesota wamepima eneo ambalo kwa saa fulani lina kiza cha kutosha na ubaridi wa kutosha kwa wolai, wakaona kwa Mille Lacs limepungua sana na uwezo wa ziwa kuvunwa umepungua pamoja nalo. Ziwa ni kubwa vilevile ukilitazama kutoka barabarani. Kwa wolai limekuwa chumba kimoja.

Na ndani ya chumba hicho hayuko peke yake. Wolai wakubwa zamani walikula sisko, samaki mnene wa maji baridi. Sisko wa Mille Lacs wako ukingoni mwa eneo lao kusini, na viangazi vya joto vimewaua wengi. Sisko wakikosekana, mkubwa anamgeukia samaki mdogo anayeitwa pechi wa njano, na pechi wakipungua anawageukia wolai wadogo waliosukumwa naye kwenye kiza kilekile. Maji maangavu pia yanamwonyesha mtoto kwa kila mwindaji mwingine. Besi wa mdomo mdogo, anayependa jua na maji ya uvuguvugu, amestawi, na Mille Lacs sasa linasifika kwa besi.

Hili nilipomweleza mjomba, hakushangaa kama nilivyotarajia. Akanikumbusha furu, wale samaki wadogo wa rangi nyingi ambao babu yake aliwavua kwa mamia. Ziwa Victoria lilipochafuka na kuwa la kijani, madume wa furu walibaki na rangi zao, lakini majike hawakuziona tena vizuri. Mwaka 1997 Ole Seehausen na wenzake walionyesha kuwa kuchanganyika kwa aina za furu kunaendana na maji kukosa mwanga. Sangara aliwala wengi, lakini mwanga nao ulikuwa na lake. Kwetu giza lilimwumiza furu, huku nuru imemwumiza wolai. Neno "safi" linatudanganya sote wawili, kwa sababu ni neno la mnywaji wa maji. Samaki anajali mwanga uliopo, joto lililopo, na chakula kinachoelea.

Basi uvuvi hauna hatia? La, na hapa ndipo wengi wanapokosea upande wa pili. Ziwa likipoteza uwezo wake wa kukuza samaki, kiasi kilichokuwa salama jana kinakuwa kikubwa mno leo, hata kama hakuna aliyeongeza wavu wala ndoano. Ni kama mtu mwenye ng'ombe kumi aliyezoea kuchinja wawili kila mwaka kwa sababu wanazaliwa wawili. Malisho yakipungua akazaliwa mmoja, na yeye akaendelea na wawili wake, hajafanya jambo jipya lolote, na boma litakwisha. Mwaka 2019 watafiti walitoka na hesabu ya aina hii kwa maziwa ya kaskazini mwa Wisconsin. Badala ya kuuliza tu samaki wangapi wamechukuliwa kati ya waliopo, waliuliza ziwa limekuza nyama kiasi gani mwaka ule, na kiasi gani kimeondoka. Wakakuta kwamba karibu maziwa mawili kati ya kila matano yalikuwa yanavunwa kupita yanavyokuza, mara kumi zaidi ya ilivyodhaniwa kwa hesabu ya kawaida. Na sehemu kubwa ya uvuvi huu ni wa ndoano, wa watu wanaovua wikendi na kula na familia zao, ambao kila mmoja akiuangalia mkono wake haoni kosa.

Hata kuachia samaki si bure. Wolai aliyenaswa kwenye maji ya moto ya mwezi wa saba, akapiganishwa, akashikwa, akapigwa picha, anaweza kuogelea vizuri mbele yako na kufa kesho yake chini usipomwona. Ndiyo maana katika Mille Lacs samaki wanaokadiriwa kufa baada ya kuachiwa hukatwa kwenye mgawo. Wavuvi wengi walilipinga hilo kwa hasira. Mimi naona ni hesabu ya kweli kuliko ile inayojifanya kuwa kila aliyerudishwa majini ameishi.

Tangu miaka ile mibaya migawo ya Mille Lacs imepanda tena na watu wanaruhusiwa kuondoka na samaki, kwa masharti ya ukubwa na idadi. Ziwa la zamani halijarudi, na sijasikia mtaalamu anayeahidi kuwa litarudi: kome hawaondoki. Kinachopangwa sasa ni uvuvi unaolingana na ziwa lililopo.

Linaloninyima usingizi zaidi ni barafu. Kwa wolai, barafu ndiyo saa ya ukutani. Ikiyeyuka wanataga, na watoto huanguliwa wiki mbili tatu baadaye, sambamba na kuchanua kwa vile vijidudu vya kwanza watakavyokula. Barafu ya maziwa ya kaskazini sasa huondoka mapema zaidi, na mwaka hadi mwaka inayumba sana. Wolai wamejaribu kuwahisha kutaga, lakini utafiti kwenye maziwa ya Minnesota, Wisconsin na Michigan unaonyesha hawaendi mwendo wa barafu. Mtoto anaweza kufika mezani sahani zikiwa zimeondolewa.

Kila mwezi wa tisa wanabiolojia hurudi Mille Lacs na kuweka nyavu zao sehemu zilezile walizoweka miaka iliyopita, kwa muda uleule, ili mwaka uweze kulinganishwa na mwaka. Asubuhi huzivuta. Wakubwa wanapimwa, wanapasuliwa kuona wamekula nini, vijiwe vinatolewa. Kwenye nyavu za matundu madogo wamo wadogo wa urefu wa kiganja, wazaliwa wa majira ya kuchipua yaleyale, nao wanahesabiwa peke yao. Mjomba siku hizi akinipigia huuliza hao kwanza. Mwaka wakiwa wengi humjibu kwamba wako wengi, na yeye ananiuliza barafu imeanza lini, kwa sababu ameshajua kwamba bado wana baridi mbili mbele yao kabla hawajahesabiwa kuwa rika.